Watchmen ya 2009: mnabishania muvi ipi hasa?

Kuna tukio moja mwanzoni kabisa mwa Watchmen, ile muvi ya Zack Snyder ya mwaka 2009, ambalo kila nikikuta watu wanabishana lazima litajwe, na cha kuchekesha linatajwa na pande zote mbili. Jamaa mmoja mtu mzima yuko kwake ghorofani usiku, katulia anaangalia TV, mara mlango unapigwa teke, mtu kaingia, kichapo kinaanza. Visu vinarushwa, vioo vinapasuka taratiiibu kwenye slomosheni, ngumi inakosa kichwa inatoboa ukuta, na mwisho yule mzee anabebwa juujuu anatupwa dirishani, na beji yake ya njano yenye sura inayocheka inaanguka naye ikiwa na tone la damu. Mpenzi wa hii muvi atakwambia umeona ile kitu? Asiyeipenda naye atakwambia hivyohivyo, umeona ile kitu? Hapohapo ndo walipoharibu.

Mi nimekaa na huu ubishi miaka mingi, nimeshakuwa upande huu na ule, na nilichokuja kugundua ni kwamba watu hawabishanii jambo moja. Ni mambo manne matano yamejifunga fundo moja, kila mtu anavuta uzi wake akidhani mwenzake kashika huohuo. Kwa hiyo ngoja tulifungue taratibu. Natahadharisha mapema, nitasimulia mpaka mwisho wa stori, kama hujaiona na unapanga kuiona basi funga hapa urudi baadaye.

Kwanza kitu chenyewe. Watchmen ilianza kama komiki ya matoleo 12, DC Comics waliitoa kati ya 1986 na 1987. Mwandishi Alan Moore, mchoraji Dave Gibbons, rangi kaweka John Higgins, wote Waingereza. Stori iko Marekani ya 1985, ila Marekani ambayo historia yake imepindishwa: Nixon bado rais, vita ya Vietnam walishinda, na walishinda kwa sababu wana mtu wa bluu anaitwa Dr. Manhattan ambaye alipata ajali ya maabara akawa kama mungu, jana na kesho anaziona kwa pamoja. Huyo peke yake ndo mwenye nguvu za ajabu. Wengine wote, Comedian, Nite Owl, Rorschach, Silk Spectre, Ozymandias, ni binadamu tu waliowahi kuvaa nguo za kubana na vinyago wakawa wanatoka usiku kupiga wahalifu, mpaka 1977 sheria ikawapiga stop. Sasa umri umeenda, mmoja ana kitambi na ndoto za zamani, mmoja anaishi kama chizi, mmoja, Comedian, kauawa (ndo yule mzee aliyetupwa dirishani), na dunia iko hatua chache kufika vita ya nyuklia.

Swali la Moore lilikuwa rahisi kulisema ila gumu kulimeza: hivi kweli, ni mtu wa aina gani anayeamka, anavaa kinyago, anatoka gizani kwenda kuvunja watu mifupa na anaita hiyo haki? Komiki inakujibu polepole kwa kurasa mia tatu na kitu, na jibu lake halipendezi. Ni mtu mpweke, au mtu anayefurahia kuumiza, au mtu anayejiona ana akili kuliko dunia nzima. Ukishalishika hilo, rudi sasa kwenye lile tukio la mwanzo. Kwenye komiki lile pigano karibu halipo. Unaanza na beji imelala kwenye damu mtaroni, picha inapanda juu fremu kwa fremu mpaka dirishani, kuna mapolisi wawili wanaongea kuhusu maiti, na katikati ya maongezi yao zinapenyezwa fremu chache za rangi nyekundu za mzee anapigwa. Hana hata nafasi ya kujitetea. Snyder kazichukua zile fremu chache akazigeuza pigano kamili, na ukuta ukatobolewa na ngumi ya mtu ambaye kwenye stori hana nguvu yoyote ya ajabu.

Hapo ndo unaanza kuona kwanini watu hawaelewani, maana wote wawili wanasema kweli. Ni kweli amechukua tukio la kwenye komiki, hadi pembe ya beji inavyoanguka. Na ni kweli pia amelibadilisha kuwa kitu kingine kabisa.

Ila kabla hatujazama huko kuna jambo la kijinga ambalo watu wanaliruka na lingeokoa nusu ya ugomvi: umeangalia ya dakika ngapi? Maana ziko tatu. Iliyoenda sinema ilikuwa na dakika 162. Baadaye ikatoka ya muongozaji mwenyewe, dakika 186. Halafu ikaja ndefu kuliko zote, dakika 215, ambayo wamechomekea ndani yake katuni ya maharamia ambayo kwenye komiki inasomwa na kijana mmoja pembeni ya meza ya magazeti. Tofauti ya ya kwanza na ya mwisho ni karibu saa nzima. Kwenye ya sinema yule mzee Hollis Mason, Nite Owl wa zamani, unamuona kidogo halafu anapotea tu, kwenye ile ya 186 unaona anavyouawa nyumbani kwake na lile tukio ni kati ya mazuri kuliko yote, mzee anarusha ngumi na kichwani mwake anawaona wahalifu wa ujanani. Sasa mtu kaangalia ya 162 anakwambia haina moyo, mwingine kaangalia ya 186 anamshangaa huyu vipi. Wanazungumzia vitu viwili.

Halafu kuna Moore mwenyewe. Ukiingia kwenye ubishi wowote wa Watchmen mtu atamtupia Moore mezani kama karata ya mwisho: mwandishi mwenyewe aliikataa! Na ni kweli aliikataa, jina lake halimo kwenye muvi, utaona limeandikwa la Gibbons tu, na mgao wake wa pesa alisema apewe Gibbons. Ila hapa inabidi tuwe wakweli, Moore aliikataa kabla hata haijapigwa picha ya kwanza. Ugomvi wake ni wa zamani zaidi. Mkataba wa miaka ya 80 ulisema haki za Watchmen zingerudi kwake na kwa Gibbons pale DC wakiacha kuichapisha kwa muda fulani, na enzi zile komiki zilikuwa zinatoka, zinaisha, basi. Nani angejua kwamba hii itauzwa kama kitabu mwaka hadi mwaka bila kukoma? Haikuacha kuchapishwa, haki hazikurudi, na mzee akaona kafanyiwa mchezo. Ukijumlisha na muvi nyingine zilizotengenezwa kutokana na kazi zake ambazo hazikumfurahisha, basi akafunga mlango kwa wote. Kwa hiyo kumtumia Moore kama ushahidi kwamba Snyder kakosea ni kama kumwita shahidi ambaye hakuwepo kwenye tukio. Gibbons kwa upande wake alishirikiana nao vizuri tu.

Lakini kuna hoja moja ya Moore ambayo haina uhusiano na pesa wala hasira, na hii mi naona ndo ya kukaa nayo. Alikuwa anasema komiki ile iliandikwa makusudi ili ifanye vitu ambavyo komiki tu inaweza. Chukua toleo la tano. Kurasa zake zimepangwa kama kioo, ukurasa wa kwanza unaakisi wa mwisho, wa pili unaakisi wa pili kutoka mwisho, mpaka zinakutana katikati. Wasomaji wengi hata hawajui, ila unasoma unahisi kitu kinakubana. Kurasa nyingi zina fremu tisa tisa zilizopangwa sawasawa, na mwendo unaushika wewe mwenyewe, ukitaka unarudi nyuma kucheki kama ile chupa ilikuwepo pale, ukitaka unakodolea fremu moja dakika tano. Ndo maana muongozaji Terry Gilliam aliihangaikia hii kazi kisha akaishia kusema ingefaa iwe tamthilia fupi ya TV, na baada yake wakapita Darren Aronofsky na Paul Greengrass, wote ikawashinda kabla ya kupiga picha.

Sasa Snyder kafanya nini? Hapa watu wanamcheka kwa slomosheni zake, ila mi nadhani kuna akili ndani yake. Ukiwa sinema huwezi kusimamisha fremu, kwa hiyo yeye anakusimamishia. Ile slomosheni ni njia yake ya kukupa muda wa kukodoa macho kama msomaji wa komiki. Na pale alipoitumia vizuri aisee inafanya kazi. Yale majina ya mwanzo, kama dakika tano hivi, wimbo wa Bob Dylan unapiga nyuma, na mbele yako zinapita picha kama za albamu ila zinatikisika kidogokidogo, mashujaa wa miaka ya 40 wanapiga pozi na waandishi wa habari, mmoja anambusu nesi vita imeisha, halafu taratibu mambo yanaoza, mwingine anapelekwa hospitali ya vichaa anapiga kelele, Kennedy anapigwa risasi na ukiangalia aliyeshika bunduki ni Comedian. Miaka arobaini ya historia ya uongo kwa wimbo mmoja na kila kitu umeelewa. Sijawahi kukutana na mtu, hata wale wanaoichukia muvi nzima, anayeniambia yale majina ni mabaya.

Basi tatizo haliko kwenye kupunguza mwendo. Tatizo ni alipochagua kuupunguza. Kwenye ile albamu anapunguza kwenye sura za watu, baada ya hapo anapunguza kwenye ngumi.

Angalia uchochoroni. Dan, yaani Nite Owl wa pili, naye kastaafu, na Laurie, yaani Silk Spectre, wanatembea usiku, genge la vijana linawazingira. Kwenye komiki wanapigana, wanashinda, wanabaki wanahema, unaona aibu na msisimko usoni, watu wawili wa makamo wamekumbuka kitu ambacho hawakupaswa kukikumbuka. Lile tukio kule limechanganywa na Dr. Manhattan akihojiwa kwenye TV na kutuhumiwa kwamba anawapa watu kansa, fremu huku fremu kule, na muvi nayo imechanganya hivyohivyo, mpangilio kaufuata vizuri. Ila kwenye muvi mkono unavunjika na mfupa unatokeza nje, kisu kinazama shingoni, na kamera inakaa hapo ikikuonyesha vizuri. Unajikuta umesema aiseee. Na hiyo aiseee yako ndo ishu yenyewe. Wanaoitetea wanasema hiyo ni makusudi, Snyder anataka uone ngumi ya shujaa inafanya nini kwenye mwili wa mtu, muvi nyingine za mashujaa watu wanapigwa wanaanguka tu bila damu na huo ndo uongo. Wanaoipinga wanasema kama ni onyo basi mbona limepigwa picha kama tangazo la gari?

Mi nimeyumba sana hapa. Siku hizi niko upande wa wanaopinga, kwa sababu ambayo nitaifikia tukifika mwisho wa stori. Ila upande wa utetezi una hoja moja ambayo haisemwi vya kutosha: zile nguo. Kwenye komiki nguo za mashujaa zinachekesha, zimepauka, tumbo linaonekana. Kwenye muvi zimefinyangwa misuli ya mpira, na ya Ozymandias ina hadi chuchu. Watu walicheka, wakadhani ni ushamba, kumbe ilikuwa dongo kwa muvi za Batman za miaka ya 90 zilizokuwa na mavazi ya hivyo. Yaani Moore alikuwa anazitania komiki za enzi zake na Snyder akajaribu kuzitania muvi za enzi zake. Ni wazo zuri tu kiukweli. Shida ya utani ni kwamba ukilazimika kuuelezea umeshakufa, na waliokuwa sinema wengi waliona suti kali basi.

Tuje kwa Rorschach, maana huyu ndo anayevunja urafiki wa watu. Kinyago cheupe chenye madoa meusi yanayohama, koti, kofia, sauti ya kukwaruza, daftari lake la kumbukumbu lililojaa chuki. Jackie Earle Haley kamcheza mpaka unasahau kuna mtu ndani, hilo pande zote zinakubali. Moore alimtengeneza kama jibu kwa wahusika wa mchoraji Steve Ditko, hasa The Question na Mr. A, wale wa dunia nyeusi na nyeupe hakuna kijivu, mawazo ambayo Ditko aliyatoa kwa mwandishi Ayn Rand. Alitaka kuonyesha mtu wa hivyo akiwa wa kweli anakuwaje: hanawi, hana rafiki, anakula maharage ya baridi kwenye kopo jikoni kwa watu. Kilichotokea ni kwamba wasomaji walimpenda kupita wote, na hiyo ilianza kwenye komiki miaka ishirini kabla ya muvi, kwa hiyo asilaumiwe Snyder peke yake.

Ila Snyder kaongeza petroli. Kuna kesi ya mtoto aliyetekwa, Rorschach anagundua mtoto kashauawa na mabaki wamepewa mbwa. Kwenye komiki anamfunga muuaji pingu, anamwekea msumeno karibu, anamwagia nyumba mafuta, anawasha kiberiti, anatoka nje, anasimama barabarani kuangalia moto kwa muda mrefu. Hakuna anayetoka. Ubaridi wa lile tukio ndo unaokutisha, kwa sababu hakuna hasira, mtu kaondoka ndani ya mtu. Kwenye muvi anampasua kichwa kwa kisu cha bucha, mara moja, mara mbili, mara tatu, huku anapumua kwa hasira. Ukiangalia hiyo unamwelewa, unasema hata mimi ningefanya. Na ukishasema hata mimi ningefanya basi umeshaingia upande wake, wakati komiki ilikuwa inakusukuma utoke.

Na kifo chake pia. Mwisho kule Antaktika Rorschach anakataa kunyamazia mpango wa Ozymandias ulioua mamilioni (nitaufikia sasa hivi), Dr. Manhattan anamuua kwenye theluji. Kwenye komiki anakufa peke yake, hakuna shahidi, Dan na Laurie muda huo wako ndani wamekumbatiana wamelala, hawajui. Yaani rafiki yake wa pekee hakuwepo. Kwenye muvi Dan yuko palepale, anapiga magoti anapiga yowe, kisha anarudi ndani kumshindilia ngumi Ozymandias. Shabiki wa muvi anakwambia hiyo inakuliza, na ni kweli inaliza, mi mara ya kwanza ilinishika. Ila ni kilio cha shujaa kafa, kwenye stori iliyoandikwa ili kukuuliza kama kulikuwa na shujaa hapo.

Haya, ngisi. Asiyejua ubishi huu atashangaa watu wazima wanagombania ngisi. Kwenye komiki mpango wa Ozymandias ni kutengeneza dude moja kubwa kama ngisi, kulirusha katikati ya New York kana kwamba limetoka dunia nyingine, linakufa likifika na mshtuko wa ubongo wake unaua mamilioni, halafu Marekani na Wasovieti wanaacha kugombana kwa kuogopa adui wa nje. Muvi ikamtupa ngisi, badala yake milipuko inatokea New York na miji mingine mikubwa hadi Moscow, na imepangwa ionekane ni Dr. Manhattan kafanya. Dunia inaungana kumwogopa yeye na yeye anakubali kubeba lawama anaondoka.

Wapo wanaosema hiyo ni bora kuliko ya komiki, na mi kwa muda mrefu nilikuwa mmoja wao. Ni safi zaidi, mhusika tunaye tayari, haihitaji kueleza kisiwa cha siri na wasanii waliotoweka na ubongo uliokuzwa, na inampa Manhattan sababu ya kuondoka. Ila kuna tundu: Manhattan ni silaha ya Marekani. Ametumika Vietnam, dunia nzima inamjua ni wa kwao. Akilipua Moscow, kwanini Wasovieti wakumbatiane na Marekani badala ya kubonyeza kitufe? Watetezi wanajibu kwamba New York nayo imelipuliwa, kwa hiyo wote ni wahanga. Sawa, inakubalika kiasi, ila lazima ufumbe jicho moja. Ngisi ni upuuzi lakini upuuzi wake una kazi, hana bendera.

Lakini kilichonihamisha upande sio hiyo hesabu ya kisiasa. Ni jinsi vifo vilivyoonyeshwa. Toleo la 12 la komiki linafungua kwa kurasa nzima nzima, ile mistari ya fremu tisa imevunjwa, picha moja kwa ukurasa, maiti juu ya maiti, kwenye viti, kwenye madirisha, damu barabarani, hakuna neno. Kurasa kadhaa. Mikono yako inataka kufunua haraka. Na wale watu unawajua! Kwa matoleo kumi na moja umekuwa unawaona pembeni ya meza ya magazeti: mzee muuza magazeti anayeropoka siasa, kijana anayesoma maharamia bila kununua, dereva wa teksi na mpenzi wake wanagombana, daktari wa akili na mke wake. Mashujaa wanapita tu, hawa ndo wanaishi pale. Mwisho wa toleo la 11 yule mzee na yule kijana, ambao muda wote hawakuwa hata marafiki, wanakimbiliana wanakumbatiana na mwanga unawameza.

Kwenye muvi ya sinema wanaonekana kidogo tu, hujui ni nani. Mwanga wa bluu unapita, majengo yanayeyuka, baadaye tunaona shimo kubwa limefagiwa safi. Hakuna mwili hata mmoja wa kuukumbuka. Sasa linganisha: muvi ileile iliyotusimamisha uchochoroni kutuonyesha mfupa mmoja umetokeza kwenye mkono wa mhuni mmoja, ikifika kwenye mamilioni inapitisha mwanga na kuondoka. Mwendo ulipunguzwa kwenye kitamu ukaongezwa kwenye kichungu. Hapo ndo utetezi wa kwamba damu ya mwanzo ilikuwa onyo unanifia mkononi, kwa sababu mtu anayetaka kukuonya asingeruka sehemu hiyo. Kwenye ile ya dakika 215 wale wa meza ya magazeti wamerudishiwa muda wao na inasaidia sana, ila mlipuko ni uleule.

Kuna wanaoingiza pesa kwenye huu ubishi, eti ilifeli, kwa hiyo mbaya. Ilitumia kama dola milioni 130, ikaingiza kama milioni 185 dunia nzima, wikiendi ya kwanza Marekani kama milioni 55 halafu ya pili ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60. The Dark Knight iliyotoka mwaka mmoja nyuma ilikuwa imevuka bilioni, kwa hiyo studio ilitegemea makubwa. Lakini hebu fikiria, muvi ya karibu saa tatu, ya watu wazima tu, haina shujaa wa kumshangilia, mhuni anashinda mwisho, na ilikaribia kusimamishwa na kesi ya studio ya Fox dhidi ya Warner, ya kugombania haki za hii muvi, iliyomalizwa Januari 2009, miezi miwili tu kabla haijatoka. Mi nashangaa hiyo milioni 185 ilipatikana wapi. Na wachambuzi nao waligawanyika, Roger Ebert aliipa nyota zote nne, wengine wakaiponda kama sanamu nzuri isiyo na pumzi. Kuhusu wimbo wa Hallelujah uliochekwa sana kwenye tukio la mapenzi ndani ya chombo cha Nite Owl sitasema kitu, kila mtu anajua, tuendelee.

Halafu 2019 HBO wakaja na tamthilia yao ikiongozwa na Damon Lindelof, wao wakaendeleza stori ya komiki, ngisi akiwa kadondoka kweli, na kinyago cha Rorschach wakakivalisha kundi la wabaguzi wa rangi. Ilizoa Emmy 11 mwaka uliofuata, na mashabiki wa Rorschach wa muvi walichukia kweli kweli. Ni kama ubishi wa uchochoroni umejibiwa miaka kumi baadaye na mtu mwingine.

Kuna sehemu moja tu ambayo kila nikiitaja mezani watu wote wananyamaza, na ni ya mwisho kabisa. Sizungumzii yale maneno ya Manhattan kwamba hakuna kinachoisha, hayo nayo ni ugomvi, maana kwenye komiki anamwambia Ozymandias usoni na kumwacha na wasiwasi, kwenye muvi yamehamishiwa kinywani kwa Laurie na Ozymandias kapona wasiwasi. Nasema fremu zinazofuata. Ofisi ya kigazeti kidogo, kijana mmoja mzembe kavaa fulana ya sura inayocheka, anakula, tone la sosi nyekundu linadondokea kwenye fulana palepale lilipokuwa tone la damu mwanzo. Bosi wake anamwambia achague chochote cha kujazia ukurasa. Pembeni kuna rundo la barua za vichaa, na ndani ya rundo limo daftari la Rorschach lenye kila kitu. Mkono unaanza kusogea.